Tisa Waliopanda Lori

Mwalimu Bernadetha alikuja kijijini kwetu, upande wa Keza, mwanzoni mwa mwaka 1974, mkoa wetu ulipokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Alifika kwa miguu. Gari lililomleta kutoka Ngara lilikwama kwenye tope, naye akamwachia dereva sanduku lake, akavua viatu, akavishika mkononi na kupanda kilima peke yake huku sketi yake imelowa hadi magotini. Sisi watoto tulikuwa kando ya njia, tukacheka. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya darasa la nne akauliza ni nani waliomcheka jana. Tuliinamia madawati.

"Haya," akasema, "maana hata mimi ningecheka."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kumpenda. Ninalisema hili mapema kwa sababu nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya mtu asiyemjua amhukumu vibaya.

Alikuwa mzaliwa wa Murusagamba, binti wa katekista, wa kwanza kati ya watoto watano. Mdogo wake aliyemfuata aliitwa Privatus. Mwaka 1968, Privatus akiwa na miaka kumi na sita, alikutwa na mbuzi wa mtu. Waliomkamata hawakusubiri mgambo wala hakimu. Bernadetha alikuwa chuo cha ualimu wakati huo, na barua ilichelewa. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limekwisha kuota majani. Habari hiyo hakuisema kwetu miaka yote ya shule. Alinisimulia nilipokuwa mtu mzima, tukichambua maharage jikoni kwake.

"Secilia," aliniambia, "miaka mingi niliamini kwamba kama angetokea mtu wa kumtisha mapema, Privatus angekuwa hai. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo."

Ni katika imani hiyo alipokosea.

Mwishoni mwa mwaka ule wa 1974 ilikuja Operesheni ya kuhamia vijijini. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani walishushwa barabarani, nyumba zikapangwa kwa mistari. Nyumba ya nyasi hujengwa kwa wiki moja; mgomba haukui kwa wiki moja. Migomba yetu ilibaki kule juu, na mwaka uliofuata tulikula mlo mmoja kwa siku. Uongozi wa kijiji ulikuwa umetangaza kuwa mashamba ya zamani ni mali ya wote, na atakayekata ndizi kule bila ruhusa atahesabiwa kuwa mwizi.

Mwenzetu mmoja aliitwa Theonest. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu kuliko sisi sote, mwenye sauti ya pole. Baba yake alifariki wiki chache baada ya kuhama, na mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Siku moja Theonest alipanda kilimani hadi kwenye shamba la marehemu baba yake, akakata mkungu mmoja. Mgambo walimkuta njiani akirudi, mkungu kichwani, wakampitisha nao hivyo hivyo katikati ya kijiji.

Wiki ileile maharage ya mbegu yalipotea katika ghala la shule. Hayakuibwa na mtu mmoja. Ukuta ulikuwa wa udongo, mtu akatoboa tundu nyuma, na kila aliyejua tundu lile alichota. Nami nilichota kibakuli kimoja, nikamwambia mama kwamba tumegawiwa shuleni. Tulipokamatwa, pamoja na Theonest na mkungu wake, tulikuwa watoto kumi na watatu.

Mwenyekiti wa kijiji alitaka tuchapwe viboko mbele ya mkutano. Mwalimu Bernadetha alisimama akapinga. Alisema mtoto aliyechapwa mbele ya watu hujifunza kuchukia watu. Kisha akatoa wazo lake: tupelekwe tukaone gereza.

"Waone mwisho wa njia hii wakiwa bado mwanzoni," alisema. "Wakiogopa leo, hatutawalilia kesho."

Katibu Tarafa, aliyekuwapo siku hiyo, alilipenda wazo hilo mno. Upande wa Biharamulo kulikuwa na gereza la kilimo, na yeye alifahamiana na mkuu wake. Lori la ushirika lingepita juma lile likiwa na magunia ya kahawa, na dereva alikubali kuchukua watoto juu ya magunia. Lakini alisema nafasi ni ya watoto tisa, hata mmoja zaidi hapandi, maana barabara ilikuwa mbaya. Mwalimu akafungua rejista, akahesabu majina tisa ya kwanza kati ya kumi na matatu. Wanne wa mwisho aliwaambia wabaki: walime shamba la shule kwa mwezi mzima na kupanda maharage badala ya yaliyoliwa.

Mimi nilikuwa wa nane. Theonest alikuwa wa tisa. Wa kumi, aliyebaki, alikuwa Matiasi, ambaye ndiye aliyetoboa ukuta.

Tuliondoka alfajiri. Tulipofika Lusahunga, njia panda, Mwalimu alitununulia mihogo ya kuchoma, tukala tumekaa juu ya magunia tukitazama malori mengine yakipita. Tulikuwa na furaha. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kupanda gari.

Mkuu wa gereza alikuwa mtu mnene mwenye mzaha. Alimwambia Mwalimu, "Niachie hawa mpaka alasiri. Utawachukua wamenyooka." Wavulana saba walinyolewa vichwa kwa wembe, wakaingizwa katika chumba cha mahabusu, mlango wa chuma ukafungwa. Wasichana tulikuwa wawili, mimi na Clotilda. Sisi tulisimamishwa uani juani, kila mmoja na tofali kichwani. Kisha wakaletwa wafungwa waliokuwa wakirudi shambani, na nyapara wao akaamriwa atuhutubie. Jina lake lilikuwa Shibuda, Msukuma mpana wa mabega, aliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe. Alitukaribia akatunguruma kwamba wasichana wezi hulishwa panya. Clotilda alijikojolea pale pale. Askari wakacheka, na baadhi ya wafungwa wakacheka. Mwalimu Bernadetha alikuwa kivulini kwenye mlango wa ofisi. Nilimtazama ili atuondoe pale. Alitazama chini.

Wavulana walitoka wakilia, isipokuwa Theonest. Jioni, lori likirudi, alitusimulia taratibu yaliyokuwa ndani.

"Walituletea ugali na maharage. Shibuda ndiye aliyegawa. Kule ndani hatishi, anaongea kama mjomba. Aliniuliza nimefanya nini, nikamwambia. Akaniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza, akasikiliza mpaka nikamaliza."

"Hukuogopa?" niliuliza.

"Niliogopa mlango ulipofungwa," akasema. "Halafu nikaona watu wanaishi."

Mwalimu alikuwa mbele na dereva, hakuyasikia hayo. Kwa macho yake safari ilifaulu: tulirudi kimya, tumeinamisha vichwa, na kwa mwezi mzima hata kalamu haikupotea shuleni. Katibu Tarafa alimsifu mbele ya mkutano, akaagiza safari ifanyike kila mwaka, tena kwa shule zote za tarafa.

Lakini kijijini tulipata jina. Watoto walituita Mahabusu, na watu wazima wakalizoea. Wavulana wale walikuwa na vipara, basi kila mtu aliwajua. Clotilda alipoingia duka la kijiji, muuzaji alimwambia angoje nje. Kilipopotea chochote, koleo au kuku, mgambo walianzia kwetu tisa. Ajabu ni kwamba wale wanne waliobaki hakuna aliyewaita kitu. Walilima mwezi wao, maharage yakaota, watu wakasahau. Matiasi, mtoboa ukuta, alipofika darasa la saba alikuwa kiranja mkuu.

Mwaka 1976 ilipotea taa ya chemli ya ofisi ya kijiji. Mgambo walimchukua Theonest usiku huohuo, wakampiga hadi mkono ukavunjika. Siku ya tatu taa ilipatikana kwa mjumbe mmoja aliyeiazima bila kuaga. Hakuna aliyekwenda kumwambia Theonest samahani. Mama yake alikuwa amefariki wakati huo. Mkono ulipopona, aliondoka shule akiwa darasa la sita, akaenda Lusahunga kubeba mizigo ya malori.

Mwalimu Bernadetha alimfuata mara moja kumsihi arudi. Theonest alimwamkia kwa adabu zote, akamkalisha kwenye gunia, akamnunulia chai.

"Mwalimu," alimwambia, "huku hawanijui."

Mwalimu akarudi peke yake.

Safari za gerezani ziliendelea, mwaka baada ya mwaka. Yeye ndiye aliyeziongoza, na kila safari aliandika majina katika daftari lenye jalada jekundu. Kufikia mwaka 1978 jumla yao walikuwa watoto thelathini na wanne.

Kisha vita vikaja. Sisi Ngara tulikuwa mbali na mapigano, lakini vita vilipita mlangoni petu kwa namna yake. Malori yalichukuliwa kwenda kaskazini. Chumvi ikaadimika, sabuni ikaadimika, sukari tukaisahau. Vijana wa mgambo waliitwa, na Matiasi akawa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Alikuja kumuaga Mwalimu akiwa na blanketi begani. Mimi nilikuwa pale, maana nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilimsaidia kufundisha elimu ya watu wazima.

"Mwalimu, ule ukuta wa maharage nilitoboa mimi," Matiasi alisema ghafla.

"Nilijua," akajibu. "Nenda na Mungu, mwanangu."

Februari mwaka 1979 ilitufikia habari kwamba ghala moja la chumvi na sukari kule barabarani lilikuwa limevunjwa, na waliovunja walikuwa wamekamatwa na kuhukumiwa. Mmoja alikuwa Shibuda, aliyekuwa ametoka kifungoni mwaka uliopita. Mwingine alikuwa Theonest. Alipewa miaka mitano. Walikutana Lusahunga, na Shibuda alimkumbuka yule mtoto aliyemsimulia habari za baba yake.

Jioni ile Mwalimu hakula. Alinituma nikachukue daftari jekundu na rejista za shule, akaviweka vyote mezani. Tulikaa tukipitia jina moja moja, nani yuko wapi. Kati ya tisa wa lori la kwanza, watatu walikuwa gerezani au walikuwa wamewahi kufungwa. Wa nne alikuwa amevuka kwenda Burundi akikimbia kesi. Clotilda aliacha shule kwa sababu ya lile jina, akaozwa akiwa na miaka kumi na mitano. Katika safari za baadaye yalikuwa yaleyale, wengine salama, wengine si salama. Kisha akageukia wale wanne waliokosa nafasi kwenye lori. Mmoja mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mmoja fundi seremala. Mmoja analima na kulea. Mmoja vitani.

Aliweka kalamu chini.

"Walikuwa sawa," alisema. "Walichota kwenye tundu moja. Tofauti yao ni lori."

"Labda ni bahati tu, Mwalimu," nilisema ili nimtulize. "Watoto kumi na watatu si wengi."

"Labda. Hesabu ya watoto kumi na watatu haiwezi kuwa sheria ya dunia, najua. Lakini Theonest aliiba mkungu wa ndizi wa baba yake, Secilia. Mimi ndiye niliyemwonyesha nyumba ya wezi nikamwambia, tazama, kwako ni hapa."

Mwezi uliofuata Katibu Tarafa aliitisha mkutano. Wizi ulikuwa umeongezeka kwa sababu ya shida za vita, akasema, kwa hiyo mwaka huu safari ya gerezani iwe kubwa, watoto hamsini, na walale huko usiku mmoja. Akamwomba Mwalimu Bernadetha asome majina. Mwalimu alisimama mikono mitupu.

"Ndugu Katibu, sitapeleka mtoto tena."

Watu walidhani wamesikia vibaya. Katibu akatabasamu. "Mwalimu amechoka. Ni kazi yako hii, wewe ndiye mwanzilishi."

"Ndiyo maana nasimama mimi. Nilidhani nawatia hofu. Hofu ilikaa mwezi mmoja. Jina nililowapa wanalo mpaka leo. Mtoto ukimpeleka gerezani kumtisha, kuna atakayeogopa. Lakini yule ambaye nyumbani hana mtu, atapata wenyeji. Na akirudi, sisi tunamaliza kazi, tunamwita mfungwa mpaka anakuwa."

"Wakati taifa linapigana, wewe unatetea wezi?" Katibu alipaza sauti.

"Natetea wanafunzi wangu. Walioiba waadhibiwe hapa, walime, walipe, na siku adhabu ikiisha iwe imeisha."

Hakuna aliyempigia makofi. Mwenyekiti alitazama kofia yake. Nyuma kabisa alisimama mama mmoja, Anjelika, ambaye mwanawe alikuwa kwenye orodha ya hamsini, akasema tu, "Wangu haendi." Akakaa. Kisha mama mwingine akasema hivyohivyo, na mwingine. Safari haikufanyika mwaka ule. Kabla ya Pasaka Mwalimu alipata barua ya uhamisho, kutoka shule yetu kwenda shule ndogo huko kwao Murusagamba, mpakani, vyumba viwili vya madarasa na paa la nyasi. Ukuu wa shule aliokuwa akitarajia hakuupata tena. Alifunga sanduku lake bila manung'uniko.

Matiasi hakurudi kutoka vitani. Mwalimu alikuja kwenye matanga kutoka Murusagamba, safari ya siku nzima kwa miguu na baiskeli. Alikaa na mama wa Matiasi siku tatu.

Baada ya hapo alianza safari nyingine, za peke yake, kwenda gereza lilelile la Biharamulo, alikofungwa Theonest. Mara ya kwanza Theonest alikataa kutoka. Askari alirudi akasema, "Anasema hana ndugu." Mwalimu alikaa langoni mpaka saa za kuona wageni zikaisha, akaacha kipande cha sabuni na daftari, akarudi. Mara ya pili nilimsindikiza, na Theonest alitoka. Alikuwa amekonda, na mkono uliovunjika ulikuwa umepinda kidogo. Alibaki amesimama upande wa pili wa meza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Theonest."

"Umeleta wangapi leo?"

Mwalimu alinigeukia. Kisha akasema, "Nimekuja na Secilia. Tumekuja kukuona wewe."

"Nilidhani umeleta watoto, niwatishe. Siku hizi nangurumia wafungwa wageni mimi." Hakuwa akitania, ilikuwa kazi aliyopewa.

"Safari zile zimekwisha. Nilizianzisha mimi, na nilikukosea. Nimekuja kukuambia hivyo tu."

Theonest alitazama mikono yake. Askari alikohoa mlangoni. Nilidhani Theonest ataondoka, lakini alivuta benchi akakaa.

"Ghala nilivunja mimi," alisema polepole. "Usijibebeshe yote, Mwalimu. Kuna waliopanda lori lile wakaacha. Secilia huyu hapa."

"Najua. Sikuja kukuvua lako. Nimekuja na langu."

Akamuuliza kama lile daftari alilipata. Alikuwa amelipata, na alikuwa ameandika kurasa nne za hesabu, za darasa la sita, pale alipoachia.

Kuanzia siku hiyo Mwalimu alikwenda kila alipopata lifti, mara nyingine baada ya mwezi, mara nyingine baada ya miezi mitatu. Alisahihisha daftari, akaacha lingine. Wafungwa wengine wakaanza kuleta madaftari yao, na mkuu mpya wa gereza, mtu mkimya, akawaruhusu wakae chini ya paa la ghala Jumapili. Alipojaribu kuzungumza na Shibuda, mzee yule alimwambia hana haja ya kusoma, ila angependa aandikiwe barua kwa binti yake. Mwalimu akaiandika, wakaijaza kurasa mbili.

Watu wengine wangependa nimalizie kwa kusema Theonest alitoka akawa mtu mkubwa. Alitoka Juni 1982, baada ya kupunguziwa theluthi ya kifungo. Hakurudi kijijini, na sidhani alipaswa kurudi. Alijifunza kuziba mipira ya magari Lusahunga, akaoa mwanamke Mzinza, na mwaka mmoja alikamatwa tena kwa betri ya lori, akakaa mahabusu miezi miwili, kesi ikafutwa. Sijui kama aliiba. Mwalimu alimwendea safari hiyo pia, na hakumuuliza.

Siku aliyotoka nilikuwapo. Tulifika asubuhi, mimi na Mwalimu, tukakaa ng'ambo ya lango. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Lango dogo lilipofunguliwa alitoka amevaa suruali aliyoingia nayo, fupi sasa, na furushi la madaftari kwapani. Alisimama akatazama barabara upande huu, akaitazama upande ule. Mwalimu hakumwita. Alisogea tu kwenye gogo tulilokalia, akaacha nafasi, na baada ya muda Theonest akavuka barabara akaja akakaa, tukaanza kusubiri lori.